Ziwa la Wote, Mlango wa Wachache

Ugomvi wa wenye boti na wenye nyumba za kando ya ziwa husimuliwa kana kwamba wanagombea maji. Mimi naona wanagombea nchi kavu: zile hatua chache za kutoka barabarani hadi majini. Kwingi duniani maji ya maziwa makubwa ni mali ya umma, na aliyekwisha kufika katikati si rahisi kumfukuza. Kazi ni kufika. Ukingo ukikatwa viwanja mfululizo bila kuachwa njia, haki ya umma inabaki kwenye karatasi.

Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Michigan, Marekani, iliamua kwamba yeyote anaweza kutembea ufukoni mwa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini chini ya alama ambayo maji hufikia kwa kawaida yakijaa, hata mbele ya nyumba ya mtu. Katiba ya Bavaria, jimbo la Ujerumani, ya mwaka 1946 imekwenda mbali zaidi: inaitaka serikali iwafungulie watu njia ya kufika ziwani, ikibidi kwa kubana haki ya mwenye ardhi. Scotland nayo, kwa sheria ya mwaka 2003, ilimpa kila mtu haki ya kuingia kwenye maziwa, mradi aitumie kwa uangalifu. Ila chombo chenye injini hakimo katika haki hiyo, na hapo ndipo malalamiko ya wenye nyumba yanapopata uzito.

Kelele na takataka zinaudhi, lakini jambo zito ni mawimbi. Siku hizi zipo boti zinazojazwa maji kwenye matangi yake makusudi ili nyuma izame na kusukuma wimbi kubwa la kutelezea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wimbi hilo huhitaji zaidi ya futi 500 ili lipungue hadi kufanana na lile ambalo boti ya kawaida huliacha umbali wa futi 200. Lisipopata nafasi hiyo linamega udongo wa ukingo na kutikisa magati. Penye kina kifupi, pangaboi huvuruga tope la chini, na fosforasi iliyolala humo hupanda na kulisha mwani. Anayeona ukingo wake ukiliwa kila msimu hasumbuliwi na wivu, ana hoja.

Hata hivyo, hoja hiyo inadai kanuni za mwendo na umbali. Haidai lango lenye kufuli. Ziwa Windermere, Uingereza, liliwekewa kikomo cha maili 10 za baharini kwa saa mwaka 2005. Wapenda kuteleza kwa kuvutwa na boti waliumia kweli, maana mchezo wao hauwezekani kwa mwendo huo, lakini ziwa halikufungwa. Jimbo la Vermont, Marekani, mwaka 2024, liliamuru boti za mawimbi makubwa zikae futi 500 kutoka ukingoni, penye kina cha futi 20 au zaidi. Kanuni kama hizi zinambana mwenye gati lake sawasawa na mgeni. Hilo ni muhimu, kwa sababu wenye nyumba wengi nao wana boti, na kumzuia mgeni hakupunguzi hata wimbi moja wanalolitengeneza wao.

Penye tofauti ya kweli ni kwa viumbe vamizi. Boti inayohama ziwa hadi ziwa inaweza kubeba kome wadogo wenye mistari, na wakishaota mizizi ziwani kuwaondoa ni karibu muhali. Mgeni hapa ni hatari kuliko mwenyeji, na sioni ubaya akitakiwa kuosha na kukausha boti yake kabla ya kuishusha. Lakini ukaguzi huo unahitaji mahali pa umma pa kuteremshia boti, penye maji ya kuoshea na mtu wa kukagua. Panapofungwa kwa shinikizo la majirani, wenye boti huteremsha penginepo, kwenye upenyo wowote usio na uzio, ambako hakuna wa kuwauliza boti ilitoka ziwa gani.