Mwanasheria wa Kyela na ripoti ya Richmond

Uchaguzi ukikaribia huku Mbeya utasikia lilelile: mbunge mzuri ni mwenye pesa ya misiba na harambee. Mimi sikubaliani. Nikiulizwa namtaka wa aina gani, namtaja Dk. Harrison Mwakyembe, mwanasheria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla hajawa mbunge wetu wa Kyela, 2005 hadi 2020.

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga hawezi kuusahau mgao wa umeme wa 2006. Ukame ulishusha maji ya Mtera, bwawa la kufua umeme, umeme ukawa wa kubahatisha, magunia yakapangwa nje ya mashine hadi barabarani na wenyewe wamekaa juu yake wakisubiri. Katika dharura hiyo kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa kufua megawati 100, na umeme wenyewe hatukuuona. Novemba 2007 Bunge likaunda kamati teule ya watu watano, Mwakyembe akiwa mwenyekiti. Februari 6, 2008 akasimama Dodoma kuisoma ripoti.

Hakuhitaji kufoka. Aliipanga hoja kama wakili mbele ya jaji: zabuni ilikwendaje, kampuni ilikuwa na uwezo gani, nani alimshinikiza nani. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakaondoka pia. Ushahidi uliopangwa vizuri ulifanya kazi ambayo maandamano yasingeifanya.

Ila kuna jambo ambalo wenzangu wa Kyela huninunia nikilisema. Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji, na kwangu lalamiko hilo lina uzito. Haki ya kusikilizwa ni ya kila mtu, awe mwizi wa kuku au Waziri Mkuu, na mwenyekiti aliijua kuliko sisi sote. Angemwita, hata kama hitimisho lingebaki lilelile, ripoti isingekuwa na ufa ambao watetezi wa Lowassa waliushikilia miaka yote.

Baadaye Mwakyembe alipewa wizara kadhaa, ikiwemo Uchukuzi na ile ya Katiba na Sheria, lakini kwangu kazi yake kubwa ni ya kamati ile. Mwaka 2020 hakuvuka mchujo wa CCM.

Kwa hiyo mgombea akija kwetu na orodha ya visima na madawati, nitamsikiliza, kisha nitamuuliza: serikali ikileta mkataba mnene Bungeni, utaanza kukagua kifungu gani, na utamwita nani ajieleze?