Mgeni aje, tusimsikie

Jana chuoni kwetu alikuja mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi na wakimbizi Dadaab, kambi zilizoanza kufunguliwa 1991. Nilivuka feri ya Likoni alfajiri ili nipate kiti cha mbele. Tuliambiwa saa tatu. Saa tano waheshimiwa ndio kwanza wanaingia. Kisha zikaanza salamu. Huyu amtambue yule, yule amkaribishe huyu, kila mmoja na hotuba yake, na mgeni mwenyewe ameshika daftari lake lililochakaa, kidole kati ya kurasa, anasubiri.

Jamani, kama mnataka kuhutubia, si mtenge siku yenu!

Alipewa dakika kumi. Kumi! Ndio kwanza ameanza kueleza foleni ya maji, jinsi kina mama wanavyopanga mitungi mapema kushika nafasi, akaletewa kikaratasi: muda umekwisha. Akafunga daftari taratibu. Iliniuma sana.

Nilitaka kumuuliza kuhusu Utange, hapa hapa Mombasa, walikoishi wakimbizi wa Kisomali miaka ya 1990. Bibi yangu alikuwa akiwauzia mahamri. Maswali hayakuruhusiwa. Tukapangwa kupiga picha.