Ukatili kwa watoto Tabora: tuanze na polisi au tuanze na kaya?

Msimu wa kuchuma tumbaku ukikolea Urambo, Kaliua na Sikonge, kaya nzima huhamia shambani. Mama anachuma na kufunga majani kwenye fito, baba anachochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na binti wa miaka minane anabebeshwa kichanga mgongoni tangu asubuhi. Kiporo cha ugali alichoachiwa amemlisha mdogo wake. Shuleni jina lake linaitwa, haitiki mtu. Mzazi huyu ni mkatili wa kupelekwa polisi, au ni mtu aliyezidiwa?

Wanaotaka sheria itangulie wana hoja nzito. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumtumikisha kazi hatarishi. Na tumbaku mbichi ni hatari kweli: sumu yake hupenya kwenye ngozi, mtoto akapata kizunguzungu na kutapika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Ukizijua takwimu hizi, lugha ya “tumwelewe mzazi” inatisha, maana tunajua mambo yanavyokwenda: ndugu amemharibu binti, wazee wanaitana, fidia inatajwa, kesi inakufa kwa kukosa shahidi. Hapo sioni cha kujadili. Ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kupiga 116, simu ya kuripoti ukatili kwa watoto.

Lakini njaa na uchovu haviponywi na mahabusu. Mkulima wa tumbaku hupata fedha ya maana mara moja kwa mwaka, tena baada ya makato ya mbolea. Hana cha kumlipa kibarua, ndipo mtoto anageuzwa kibarua. Ukimfunga baba, kazi haipungui. Anayeziba pengo lake ni mtoto yuleyule uliyetaka kumwokoa.

Ndiyo maana naegemea upande wa kuisaidia kaya mapema. Ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kwa mfano, imefungamanishwa na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Wapo wanaosema fedha hiyo inaishia kilabuni. Inatokea, na ndiyo sababu ni busara kumkabidhi mama. Ila fedha peke yake haimwambii huyo mama amwache wapi kichanga wakati wa kuchuma. Kijiji kikiwa na banda safi, uji na walezi wawili wanaoaminika kwa miezi hiyo michache, binti anarudi darasani. Vyama vya msingi vya ushirika vinavyokusanya tumbaku vingeweza kuchangia. Watoto hawa ni wa wanachama wao.

Mafunzo ya malezi nayo yana kasoro moja kubwa: ukumbini wamejaa akina mama, wakati anayeshika fedha ya mauzo na fimbo ya nyumbani mara nyingi ni baba. Yafanyike siku ya mkutano wa chama cha ushirika, wanaume wakiwepo.

Na lazima awepo wa kutofautisha uzembe, umaskini na uhalifu. Kazi hiyo ni ya afisa ustawi wa jamii, na haifanyiki kwa kusubiri ofisini. Apewe pikipiki na mafuta, afike mashambani msimu ungali mbichi.