Dawa nyekundu na moyo: kinga ipi inafaa?

Pita Soko la Majengo, Dodoma, utaambiwa ubuyu, choya na zabibu zinalinda moyo. Ni vyakula vizuri, vile. Ila kwa mgonjwa wa saratani ya matiti anayetundikiwa doksorubisini, ile dawa nyekundu, suala ni zito zaidi, kwa sababu hapo moyo unaumizwa na dawa inayomtibu.

Doksorubisini hushikana na madini ya chuma ikazalisha radikali huru, yaani molekuli zinazoshambulia seli, kwenye msuli wa moyo, ambao una vimeng'enya vichache vya kuzizima. Hapo ndipo wengi hukimbilia vidonge vya vitamini. Kwa maradhi ya kawaida ya moyo vidonge hivyo havikufua dafu: katika utafiti wa Uingereza wa 2002, wenye washiriki 20,536, vitamini E miligramu 600, C 250 na betakarotini 20 kwa siku hazikuleta nafuu yoyote kwa miaka mitano.

Deksrazoksani, dawa ya kukinga moyo dhidi ya doksorubisini, ina ushahidi. Hunasa chuma, tena huzuia topoisomerasi 2 beta, kimeng'enya ambacho doksorubisini hukitumia kukatakata DNA ya seli za moyo. Kazi hiyo ya pili vitamini haiwezi kabisa. Dozi yake ni mara kumi ya doksorubisini: mgonjwa mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.6, akipangiwa doksorubisini miligramu 60 kwa kila mita ya mraba, anapata 96, na deksrazoksani 960 kwa dripu ya dakika 15. Doksorubisini ianze ndani ya nusu saa baada ya hapo.

Wanaosita wana hoja. Deksrazoksani nayo hushusha chembe nyeupe, na kwa watoto imewahi kuzua hofu ya saratani ya pili. Isitoshe, mizunguko minne ya doksorubisini hufikisha jumla ya miligramu 240 tu kwa mita, ilhali kwa saratani ya matiti iliyosambaa deksrazoksani huanza kutolewa baada ya 300.

Kwa hiyo naiweka kwa wanaovuka 300. Kwa wengine, tuanze na hesabu: eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) kabla ya dozi ya kwanza, na jumla ya doksorubisini iandikwe kila mzunguko. Asilimia ya damu inayosukumwa na moyo kwa kila pigo ikishuka kwa pointi 10 hadi chini ya 50, doksorubisini isimame. Kinachoharibu ni mgonjwa kutoka Singida au Manyoni kufika na barua ya rufaa isiyotaja miligramu alizokwishapata. Mzunguko mpya usianze kabla ya kuipigia simu hospitali ya awali.