Papa Jikoni kwa Walutheri

Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Kilo 20 nazipandisha mpaka kambi ya Barafu huku mvua inanyesha, nikifika nasimamisha hema na soga bado ninazo. Kupika ndiyo sijui. Mlimani kuna mpishi, nyumbani kuna mama Neema, na mimi katika mambo ya chakula kazi yangu ni moja tu, kukila.

Balaa lilianzia kambi ya Barranco. Safari ile tulikuwa na mgeni wa New Orleans, Marekani, mzee mcheshi ambaye jioni alikuwa anawakimbia wenzake na kuja kujibanza kwetu kwenye hema la jikoni. Tupo karibu mita 4,000, baridi inauma mpaka kwenye meno, yeye anasimulia chakula cha kwao kinaitwa gumbo. Kiongozi wa msafara anatafsiri. Kumbe jina lenyewe limetoka huku huku Afrika, lilivuka bahari pamoja na watumwa. Wabantu wa upande wa Angola ndivyo walivyoita bamia. Sasa, unakaanga unga wa ngano kwenye mafuta mpaka uwe na rangi ya chokoleti, unatia vitunguu maji, hoho na selari. Hivyo vitatu wao wanaviita Utatu Mtakatifu. Na kitunguu saumu, kwa heshima yake, kinaitwa Papa. Mpishi wetu ni mtu wa Kibosho, Mkatoliki wa kuzaliwa. Alicheka mpaka akamwaga chai.

Nikauliza, huyo Papa anaingia kiasi gani? Kiongozi akajibu, "Vitunguu saumu sita." Na nyama? "Kuku, na soseji za moshi."

Siku ya kuagana mzee akanipa bahashishi yangu na juu yake kopo la viungo vya kwao. Niliposhuka nilizunguka mjini kutwa nzima nauliza soseji za Moshi. Kila duka wananiambia zao zinatoka Arusha au Dar. Ilikuja kunigonga baadaye sana kwamba yule mzee alikuwa anasema moshi wa kuni.

Basi, Jumamosi moja mama Neema yuko zamu ya usiku hospitali, na mama mkwe ameshuka kutoka Machame na mkungu wa mshare. Mke wangu kabla ya kutoka akaniambia, "Baba Neema, mtori uko kwenye hotpoti. Pakua tu." Nikajiuliza, hivi kweli nimlishe mkwe wangu ndizi alizozibeba mwenyewe? Mtu niliyekaa hema moja na Wamarekani?

Nikaenda soko la Mbuyuni. Selari hakuna, dada wa mboga akanipa giligilani, "ni yale yale kaka," nikabeba. Kitunguu saumu nikachukua cha Mbulu, kile chenye punje nyembamba kama kucha za mtoto na ukali wa askari jela. Vichwa sita.

Ndiyo, vichwa. Mlisikia kiongozi alivyosema. Hakusema punje.

Nikawasha gesi, mafuta ya alizeti kikombe kimoja, unga kikombe kimoja, nikakoroga. Mzee alionya kwamba huo unga hauachwi hata kwenda kufungua mlango, unakoroga dakika arobaini. Dakika ya ishirini mama mkwe akachungulia.

"Baba Neema, uji unaungua."

"Si uji, Mama. Ndivyo unavyotakiwa."

"Uungue?"

"Ee, Mama. Kidogo."

Akarudi sebuleni. Nilimsikia anamwambia Neema kwa sauti ya chini kwamba mama yake anateseka na hasemi.

Unga ulipofika rangi ya chokoleti nikapandwa na kichwa, nikamwaga humo vichwa vitatu vya kitunguu saumu vilivyotwangwa. Ndugu zangu, kitunguu saumu kwenye mafuta ya moto namna ile hakimalizi hata dakika. Kiligeuka cheusi, kikafoka, na moshi uliotoka ulinifanya nikohoe mpaka jirani akauliza kwenye uzio kama tunachoma pilipili. Nikaonja. Shubiri. Sufuria zima likaenda shimoni.

Nikaanza upya, sasa kwa haraka, maana mama mkwe tangu achungulie alikuwa amefungua Biblia na sikujua anaombea nini. Unga nikauridhia ulipofika rangi ya chai ya maziwa. Nikatia Utatu wangu wa watu wawili na giligilani, kuku, soseji zisizojulikana kwao ni wapi, maji, bamia. Viungo vya kopo vijiko vitatu, na chumvi kama kawaida. Sikujua kwamba lile kopo lilishatiwa chumvi huko huko Marekani. Papa niliyemuunguza nikamfidia. Neema akatumwa dukani, akaja na vichwa vitatu vingine, jumla vikawa sita tena, nikavitwanga vyote. Safari hii nikajifanya mjanja, visiungue, nikavitia mwishoni kabisa na kuzima gesi.

Kwa hiyo vilikuwa vibichi.

Mama mkwe akaomba sala ndefu, akachukua kijiko cha kwanza. Akatulia. Chozi likatoka jicho la kushoto peke yake.

"Hiki kinaitwaje?"

"Gumbo, Mama."

"Gumba?"

"Gumbo. Ni bamia."

"Bamia nazijua. Humu kuna nini kingine?"

Nikiwa natafuta jibu, Neema, ambaye nilimsimulia kila kitu wakati wa kumenya, akadakia, "Bibi, baba ameweka Papa!"

"Papa? Yule samaki wa kunuka?"

"Hapana, Mama," nikasema, na hapo ningenyamaza tu. "Papa wa Roma."

Mama mkwe wangu ameimba kwaya ya Kilutheri tangu hajaolewa. Aliweka kijiko chini taratibu kama mtu anayeweka ushahidi mezani. "Neema," akasema, "mletee bibi mtori."

Mama Neema alirudi alfajiri, akasimama getini. Hakuingia. "Kuna nini humu ndani?" Alipopata habari alinieleza kinesi kwamba mswaki nisisumbuke nao, ile harufu ikishaingia kwenye damu inatokea kwenye pumzi na jasho, tusubiri tu ipite yenyewe. Na ilikuwa Jumapili.

Kanisani benchi letu lilikaliwa na sisi wanne tu, na ibada ilikuwa imejaa mpaka watu wamesimama mlangoni. Mama mkwe, aliyekula kijiko kimoja, aliimba mbele kabisa kwa nguvu zake zote. Sitaki kusema zaidi. Baada ya ibada kukawa na mnada wa matoleo, likanadiwa jogoo kubwa, na mama alipopanda dau kila aliyekuwa karibu naye alirudi nyuma hatua mbili. Hakuna aliyeshindana. Akalipata kwa bei ya kifaranga, akaondoka nalo Machame, na pia kindoo cha gumbo langu lote lililobaki, kwa sababu kwao chakula hakitupwi.

Wiki moja kimya. Halafu akapiga simu, mke wangu akaweka sauti ya nje.

Yule jogoo alikuwa na mafua, akawaambukiza kuku wote. Mama akakumbuka kitunguu saumu, akachuja mchuzi wangu, akauzimua kwa maji mengi na kuwawekea wanywe. Wamepona wote, mpaka wa jirani.

"Mwambie baba Neema," akasema, "ile dawa imekwisha. Safari hii anitengenezee ndoo kubwa, ila soseji asiweke."