Kafara Isiyolipa

Tarehe 27 Januari 2024 wanawake walijaa barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Walichodai hata mtoto angekielewa: tunauawa, mara nyingi na wanaume tunaowajua, na serikali ina wajibu wa kutulinda. Usiku ule nikapitia mitandao nione wananchi wanasemaje. Mjadala ulikuwa umeshahama. Wauaji wamesahaulika, watu wamekalia kuchambua nywele, mabango na pete. Huyu ameolewa? Yule mbona amenyoa kipara? Na chini ya picha baada ya picha, neno lilelile: wasagaji.

Mwanamke yeyote aliyewahi kupaza sauti hadharani huku kwetu analingoja neno hilo kabla halijafika. Cha ajabu ni kwamba halimlengi msagaji. Msagaji anajijua, na kumwambia ni msagaji si kumpasha habari. Anayetishwa ni yule mwenye mume, mama mkwe, kwaya ya kanisani au darsa la wanawake msikitini, na bosi anayemfuatilia mitandaoni. Ndiye anayesoma maoni yale kisha akajiuliza kama maandamano yajayo yanafaa kelele zitakazomsubiri nyumbani.

Tusi lenyewe hubadilika kulingana na majira. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimamishwa ndani ya Uhuru Park, wabunge walimcheka bungeni, wakasema yeye na wenzake ni kundi la wanawake walioachika. Usagaji haukutajwa, wakati ule talaka ilitosha. Jengo halikujengwa, na mwaka 2004 Maathai akatunukiwa Nobel ya Amani, lakini fikra iliyozaa tusi lile haikuguswa: mwanamke asiye chini ya mwanamume fulani hana idhini ya kuzungumzia mambo ya umma.

Ndiyo maana jibu tulilozoea kutoa, "jamani, sisi si kama hao", linanikera. Nimelisikia kwenye semina, kwenye chama chetu cha akina mama, redioni, na kwa watu ninaowaheshimu sana. Mwanaharakati anahojiwa kuhusu urithi wa ardhi, mtangazaji anachomekea swali la wasagaji, naye anakimbilia kujisafisha: sisi tunatetea familia, sisi ni akina mama wa heshima. Muda wa kipindi unaisha, ardhi haikuzungumzwa. Hesabu yao naielewa. Tuwatoe kafara hawa wachache, jamii itatusikiliza kwa yale mengine makubwa. Kama ingekuwa inalipa, tungekuwa na jambo gumu la kujadiliana. Hailipi.

Chukua BAWATA ya Tanzania, Baraza la Wanawake lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1990 chini ya uenyekiti wa Anna Tibaijuka. Halikuwa na ajenda yoyote ya wasagaji. Lilihimiza wanawake wazijue haki zao na kura zao, likasimamishwa mwaka 1996 na kufutiwa usajili mwaka 1997 kwa madai kwamba linajiendesha kama chama cha siasa. Mahakama ilikuja kuona kwamba kulifuta kulikiuka katiba, lakini hiyo ilikuwa miaka mingi baadaye, baraza limeshakufa.

Uganda, mwaka 1998, kifungu cha mke na mume kumiliki ardhi kwa pamoja kilikubaliwa bungeni. Sheria ilipochapishwa, kifungu hakimo. Kimeyeyuka. Nao wanawake waliokipigania walikuwa wake za watu, wacha Mungu, wenye vitambaa kichwani na kila sifa ya heshima unayoweza kuidai. Hapa Kenya, Machi 2014, wabunge wanawake walitoka nje ya ukumbi usiku baada ya wenzao wanaume kuupitisha Mswada wa Ndoa bila sharti la mume kushauriana na mke kabla ya kuoa mwingine. Kanuni ya thuluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya viti, imo kwenye katiba yetu tangu 2010. Mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje bunge kwa kushindwa kuitungia sheria, na bunge likaendelea kukaa pale pale. Katika hayo yote nionyesheni msagaji aliyetuharibia.

Sylvia Tamale aliliona hili mapema. Mwaka 2003, akiwa mhadhiri wa sheria Makerere, alisema kwamba tume ya fursa sawa iliyokuwa ikipendekezwa Uganda iwalinde pia mashoga na wasagaji. Waliomshambulia walikuwa wengi kuliko waliomjibu kwa hoja, na mwisho wa yote akapachikwa cheo cha mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Makerere. (Nakiri kwamba mfuatano huo unanifurahisha kupita kiasi.) Tamale hakuwa mgeni katika masuala ya wanawake "wa kawaida"; alishatafiti maisha ya wabunge wanawake wa Uganda kwa kina. Nadhani ndiyo sababu aliona uzi mmoja ukipita kote. Dola inayodai haki ya kuamua mwanamke alale na nani haishindwi kudai pia kwamba mume hawezi kumbaka mkewe, au kwamba mjane ni sehemu ya mirathi.

Hapo huja hoja ya uzungu. Tunaambiwa wasagaji waliingizwa kwenye harakati zetu na wafadhili. Wanaosema hivyo wamesahau mkutano uliofanyika jijini mwetu. Julai 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa dunia wa wanawake Nairobi, serikali zikiwa kwenye jumba la mikutano la KICC na maelfu ya wanawake wa asasi za kiraia wakiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Pale chuoni usagaji ulizungumzwa wazi. Kulikuwa na warsha, kulikuwa na watu waliokuja kuuliza maswali kwa udadisi tu, na walikuwepo wanawake wa nchi zinazoendelea waliosema kwamba wakionekana wachache ni kwa sababu kujitokeza kunawagharimu zaidi. Mbingu haikuanguka. Mkutano ulimalizika, ukatoa mpango wake wa mikakati ya kuwaendeleza wanawake hadi mwaka 2000.

Miaka kumi baadaye ikawa Beijing. Watanzania wana haki ya kujivunia, maana katibu mkuu wa mkutano ule alikuwa Gertrude Mongella, mwana wa Ukerewe, ambaye hadi leo huitwa Mama Beijing. Wanaume wetu nao wakageuza jina la mji kuwa kejeli. Mwanamke akiuliza mshahara umekwenda wapi, anajibiwa asilete mambo ya Beijing. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba Septemba 1995 mwanamke aliyesimama mbele ya serikali za dunia na kudai haki za wasagaji kwa jina lake, akiwa mwenyewe msagaji, hakutoka Paris wala San Francisco. Alikuwa Beverley Palesa Ditsie, kijana wa Soweto. Alikulia kwenye mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi na alikuwa miongoni mwa walioandaa maandamano ya Johannesburg ya mwaka 1990, ya kwanza ya mashoga na wasagaji kusini mwa Sahara.

Ditsie alishindwa. Maneno ya kuwalinda watu kwa misingi ya mwelekeo wa kijinsia yalikuwa kwenye rasimu yakiwa ndani ya mabano, na usiku wa mwisho yakaondolewa. Kilichobaki ni aya ya 96, inayosema haki za binadamu za wanawake ni pamoja na kuamua kwa uhuru mambo yanayohusu miili na ujinsia wao, bila kulazimishwa, kubaguliwa wala kufanyiwa ukatili. Soma aya hiyo ukiwa mke wa mtu mwenye watoto watano na mume asiyetaka kusikia habari za uzazi wa mpango. Ni yako. Ndiyo hoja ile ile ya Ditsie, isipokuwa yeye ameondolewa ndani yake.

Wamarekani walishapita njia hii, na walipita vibaya. Betty Friedan, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa NOW, shirika la kitaifa la kutetea wanawake Marekani, mwaka 1966, aliwaona wasagaji kama tishio la rangi ya zambarau litakalowafukuza wanawake wa kawaida na kuwapa magazeti cha kuchekea. Mnamo 1 Mei 1970, kwenye kongamano la wanawake New York, taa zilizimika ghafla ukumbini. Zilipowaka, wanawake walikuwa wamesimama wamevaa fulana zilizoandikwa jina lile lile la tishio alilolitaja Friedan. Kati yao alikuwemo Rita Mae Brown, aliyekuwa ameondoka NOW kwa sababu ya ubaguzi huo. Walishika kipaza sauti, na baada ya zogo la mwanzo wengi ukumbini waliwasikiliza.

Desemba ya mwaka huo jarida la Time, ambalo miezi michache nyuma lilimweka Kate Millett kwenye jalada kama sura ya harakati, liliandika kwamba kukiri kwake kuwa anapenda wanawake na wanaume kutamwondolea imani ya watu. Kilichofuata ndicho ninachokipenda. Viongozi wa harakati waliitisha mkutano na waandishi wa habari, Gloria Steinem akaketi karibu na Millett, wakasema hawatagawanywa kwa njia hiyo. Mwaka 1971 NOW ilipitisha azimio la kuwatambua wasagaji. Mwaka 1977, kwenye mkutano wa taifa wa wanawake Houston, Friedan mwenyewe alisimama kuunga mkono azimio la haki zao. Ilimchukua miaka minane hivi, na haikuwa rahisi kwake.

Sitaki kuwachora wasagaji kama malaika wa harakati. Mwaka 1979 kikundi cha wanawake wa Leeds, Uingereza, kiliandika kwamba mfeministi wa kweli hapaswi kulala na wanaume kabisa. Naliona andiko lile kama upuuzi wenye madhara. Lilimwambia mwanamke aliyeolewa kwamba nyumba yake ni usaliti, na wapinzani wa ufeministi wamelila andiko hilo kama karamu hadi leo. Lakini kila harakati ina wapenzi wake wa misimamo mikali. Hakuna anayewahukumu wanaume wote wa vyama vya wafanyakazi kwa andiko la kikundi kimoja cha mji mmoja.

Hapa ndipo mwandishi wa makala ya namna hii hutaja mume wake. Huwa sentensi moja tu, imewekwa kwa upole, ili msomaji atulie: mimi mwenyewe nina familia, natetea tu haki. Nimeiandika mara kadhaa na kuifuta. Ukitaka kujua kama nina mume ndipo uamue kama hoja yangu ina uzito, basi tayari umeshanijibu jinsi tusi lile linavyofanya kazi.

Lipo pingamizi moja ninalolichukulia kwa uzito wote, nalo ni la hatari. Uganda, chini ya sheria ya mwaka 2023, mtu anaweza kufungwa hadi miaka 20 kwa "kuhamasisha" mapenzi ya jinsia moja. Zanzibar iliuweka usagaji kwenye sheria ya jinai mwaka 2004, kifungo hadi miaka mitano. Kikundi cha wanawake cha Gulu au Pemba kinachochimba visima na kuwasaidia wajane mahakamani kikiamua kunyamaza juu ya jambo hili, mimi ni nani nikilaumu kutoka Nairobi? Wanyamaze. Kuna wasagaji humo humo ndani ya vikundi hivyo, wanashika daftari za mahudhurio na kuwasindikiza waliopigwa hadi kituo cha polisi, nao wanauhitaji ukimya huo kuliko mtu yeyote.

Lakini kunyamaza si kukana. Hakuna sheria inayomlazimisha kiongozi wa wanawake aliyeko Nairobi aende kwenye televisheni kusema "hao si wetu". Hilo tunalifanya kwa hiari, tukidhani tunanunua heshima. Novemba 2006 wafeministi zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Accra wakaandika mkataba wao wa kanuni. Ndani yake wakataja uhuru wa mwanamke kuamua juu ya mwili wake, mwelekeo wake wa kijinsia ukiwemo, na wakasema wao ni wafeministi bila "lakini" wala "ila". Hawakuwa Wazungu, na kila mmoja alirudi kwenye nchi yenye sheria zake na mama mkwe wake.

Kwa hiyo mtangazaji atakapochomekea swali lake tena, na atachomekea, jibu halihitaji kuwa refu wala la kishujaa. Mwambie wasagaji ni wanawake, wanauawa na kudhulumiwa kama wengine, nasi tunawatetea wanawake. Kisha umrudishe kwenye ardhi, kabla kipindi hakijaisha.