Tope la kujipaka

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mvua ilikatika saa mbili na nusu asubuhi na uwanja wa shule tunaochezea huku Kijenge, Arusha, ukabaki tope tupu. Tulicheza hivyo hivyo, tukashinda 3–1. Filimbi ya mwisho ilipolia watoto wakaikimbilia ndoo ya maji, wakawa wanagombania kikombe. Mmoja alijitenga, kachuchumaa nyuma ya goli. Nikadhani tumbo linamsumbua. Kumsogelea, namkuta anachota tope kwa kidole na kupaka njumu zake, ya kushoto, ya kulia, halafu soksi, halafu goti moja.

Mtoto huyo hakuingia uwanjani hata dakika moja.

Hakushtuka kuniona. Alisema tu "Shikamoo anko", kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana siku hiyo, akamalizia goti. Baadaye nikaja kujua kwamba bibi yake huziosha zile njumu kwa mkono wake kila Jumamosi jioni, na huku anasugua anauliza mechi ilikuwaje. Njumu safi zingemlazimisha mjukuu kujibu.

Mimi si kocha. Nina mwanangu kwenye timu hiyo ya chini ya miaka 13, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, wazazi wenzangu walinikabidhi kaunta buku. Humo naandika nani katoa mchango wa shilingi 2,000 wa nauli na refa, nani kafika mazoezini Jumanne na Alhamisi, nani kafunga. Baada ya Jumamosi ile nilipiga mstari wa penseli nikaongeza safu moja: dakika. Sikumwambia mtu.

Wiki nane baadaye safu ile ilikuwa inanitia aibu kuifungua mbele za watu. Mechi zetu ni dakika 25 kila kipindi. Majina kadhaa yalikuwa na 50, 50, 50 kuanzia juu mpaka chini. Mengine yalisoma 0, 4, 0, 0, 7. Ile 4 ni mtoto aliyeingizwa tukiongoza kwa mabao manne, wenzake wameshaanza kufungua kamba za viatu kwa mawazo. Na niseme mapema, kabla hujanifikiria vibaya: mwanangu ni wa 50. Beki wa kati, mrefu, kazaliwa Februari. Sitetei cha kwangu.

Mtu asiyeishi Arusha anaweza kudhani mtoto wa benchi hajapoteza kitu, amekaa tu kivulini. Hajui mtoto huyo amefikaje pale. Ratiba ya wikendi mjini kwetu hupangwa na makanisa, madrasa na tuisheni; mpira unaokota kilichobaki. Jumamosi Wasabato hatuwapati kabisa, na tumeshazoea kucheza bila winga wetu wa kulia. Wa darasa la saba wana tuisheni. Tukihamishia Jumapili, inabidi tusubiri ibada ya pili itoke, na Walutheri wa KKKT wakiwa na harambee basi tunaanza jua limeshainamia upande wa pili. Kwa hiyo yule wa tope, unayemuona na jezi yake namba 14 saa mbili asubuhi, kwenye baridi ya Julai, ameshaombewa ruhusa sehemu tatu na ametolewa 2,000 ambayo nyumbani ingenunua kitu. Halafu anabeba mipira kwenda na kurudi.

Kocha wetu simsemi kwa ubaya. Halipwi. Mara mbili nimemuona akimlipia refa kwa pesa yake. Nilipomfungulia ile safu alikaa kimya kidogo, akaniambia: "Sawa, lakini tukifungwa tatu mfululizo, nani atatualika bonanza? Na hao wazazi wako watatoa mchango?" Ana hoja, na nimeionja. Kuna safari tulikwenda Moshi na Coaster ya kukodi, watoto wanaimba kuanzia Tengeru, Usa River, mpaka Boma Ng'ombe wamepata sauti za kukwaruza. Siku hiyo aliamua kila mtu acheze, akawa anabadilisha bila mpango, watatu wanatoka, wanne wanaingia, beki anapelekwa winga. Tukapigwa tano bila. Kurudi, basi lilikuwa kimya kama gari la msiba. Jioni mzazi mmoja alinipigia kuuliza kama nauli yake ilikuwa ya kwenda kubeba kapu la magoli.

Ingawa, tuwe wakweli, straika wa wale jamaa alikuwa na sauti ya dalali wa mnadani. Kijeba kabisa, mkubwa aliyechomekwa kwenye timu ya watoto. Suala la vijeba nchi hii si geni: mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17 ilienguliwa kwenye fainali za Afrika kwa udanganyifu wa umri, baada ya kufuzu kwa jasho. Tangu 2009 FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye mashindano ya umri huo, wanaangalia kama mfupa umeshaungana. Sisi mchangani tuna kadi ya kliniki iliyotolewa kopi mpaka tarehe haisomeki, na macho ya refa.

Ila kuna kijeba mwingine, wa halali, ambaye hatumpigii kelele, na huyu ndiye anayejaza safu yangu zile 50. Umri wetu unahesabiwa kwa mwaka, Januari mpaka Desemba. Mtoto wa Januari 3 na mtoto wa Desemba 20 mwaka huohuo wanavaa jezi ya timu moja, na kati yao kuna siku 351. Ukiwa na miaka 40 hizo si kitu. Ukiwa na 12 ni inchi kadhaa za kimo, ni pumzi, ni kupiga kona ikafika golini badala ya kudondokea njiani. Nilipanga majina yetu kwa miezi ya kuzaliwa, jioni moja umeme umekatika na sina cha kufanya. Wanaoanza kila wiki walijikusanya sehemu ya juu ya karatasi, kwenye miezi ya mwanzo. Namba 14 ni wa Novemba, mwishoni. Tunasema dogo hana kipaji; huenda hana miezi tu. Na kwa kuwa hachezi, mwakani pengo litakuwa la miezi na la mechi pia.

Watu wakifika hapa huwa wanataja Griezmann, yule mshambuliaji wa Ufaransa. Ni kweli, klabu za Ufaransa zilimkataa kwa udogo wa mwili, Real Sociedad ya Hispania ikamchukua, na 2018 akafunga kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Hoja hii siipendi sana. Inamfanya mtoto astahili kucheza kwa sababu huenda akawa nyota, na wa kwetu wengi hawatakuwa. Watakuwa mafundi, walimu, madereva wa watalii. Kocha naye akitaka kuwapa moyo huwaambia, "Nyie ndio mtacheza Olmoti," ule uwanja wa hapa Arusha wa AFCON 2027. Hesabu ya miaka inamkataa, lakini hakuna aliyewahi kumsahihisha, na mimi sianzi.

Mimi nataka kitu kidogo tu: mtoto akija, acheze kipindi kimoja. Wengi wanadhani hilo ni kugeuza mpira kuwa sadaka. Nimekaa na penseli, nikaona si hivyo. Wachezaji 11 mara dakika 50 ni dakika 550 za kugawa. Tuna watoto 16. Ukimpa kila mmoja 25 zake umetumia 400, na kocha bado ana 150 mkononi za kufanya anavyotaka. Maana yake sita wanacheza mechi nzima: kipa, beki wa kati, kiungo, yeyote anayeona timu itabomoka bila yeye. Kumi waliobaki wanagawana nafasi tano, kipindi kwa kipindi. Hakuna kuhamisha beki kwenda winga, hakuna ghasia ya Moshi. Na sheria haizuii; kwa mpira wa vijana sheria za kimataifa zinaruhusu hata mchezaji aliyetolewa arudi uwanjani, mradi chama cha mpira cha nchi kikubali. Akiumia mmoja wa wale sita, unamrudisha aliyetoka.

Mwanangu nimemwonyesha hesabu hii. Akauliza kama yeye yumo kwenye sita. Nikamwambia hilo ni la kocha. Hakunisemesha mpaka chakula cha usiku.

Pale ninapogombana na kocha ni kwenye bonanza la mbuzi. Mechi za kirafiki amekubali. Bonanza hapana, pale anasema ni "vita". Mimi naona kinyume. Kirafiki mtoto hakumbuki, bonanza ndilo watu wanajaa, spika zinapiga muziki, bibi anakuja na kiti chake. Mwaka jana tulishinda mbuzi, tukamchinja nyuma ya ofisi ya mtaa, na supu alikunywa kila mtu, mpaka refa na jamaa wawili wasiojulikana na timu yoyote. Namba 14 alikunywa pia. Alikaa pembeni na bakuli lake akisikiliza wenzake wanavyosimulia bao la pili, na kila walipofika penye chenga alitabasamu kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayecheka utani wa lugha asiyoijua vizuri.

Wazazi nao tuna letu. Sisi ndio tunaopiga kelele "mtoe huyo!" dhidi ya mtoto wa mwenzetu, tumekunja mikono, hatujawahi kukimbia mita mia tangu shule ya msingi. Nimewahi kupiga kelele hiyo. Aliyetolewa alipita mbele yangu, akanisalimia.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kirafiki, na kocha alitoka na karatasi mfukoni, sita upande mmoja, kumi upande mwingine. Namba 14 alianza. Aligusa mpira mara chache, mara mbili akanyang'anywa, mara moja akapiga pasi nzuri sana ambayo haikumkuta mtu. Tulitoka sare 2–2, na mzazi wa kwanza kulalamika hakusubiri hata tufike getini.

Mwezi wa saba hakuna tope, kuna vumbi. Nilikuwa nimekaa kwenye tofali najaza safu yangu alipokuja akasimama nyuma ya bega langu, miguu imekuwa kijivu mpaka magotini.

"Anko, leo umeniandika ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Ilikuwa ishirini na sita. Refa alichelewa kupuliza."

Nikatafuta kifutio.